Wapagazi wa Pembe: Mabingwa wa Uzito wa Juu Waliosahauliwa

Wahenga walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama mzigo ulio begani mwa mtu mwingine huuona mwepesi kama sufi iliyojazwa katika mto wa kulalia. Methali hii ina mafunzo mengi kwa kila mtu, lakini kwa mwanahistoria ina onyo la pekee. Historia huandikwa mara nyingi na watu waliotangulia mikono mitupu, huku nyuma yao wakifuatwa na wale waliobeba. Ndiyo sababu sifa za safari zimemwendea msafiri, na mbeba mzigo ametajwa kwa idadi tu, kama vile wanavyohesabiwa punda.

Hebu tuanze na mtu ambaye mzigo wake ulipimwa sawasawa. Tarehe 18 Machi, 1970, katika mji wa Minsk, Vasily Alekseyev wa Urusi alikuwa mtu wa kwanza duniani kunyanyua jumla ya kilo 600 katika mitindo mitatu ya mashindano ya uzito wa juu. Alitwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Munich mwaka 1972, akatwaa nyingine Montreal mwaka 1976, na katika maisha yake ya michezo aliweka rekodi za dunia 80. Hata aliposhindwa mjini Moscow mwaka 1980, kushindwa kwake kuliandikwa. Alifariki mwaka 2011, na mpaka leo mwanafunzi akitaka kujua alinyanyua kilo ngapi, siku gani, mahali gani, atapata jibu mpaka nusu ya kilo.

Sitaki kupunguza hata chembe ya sifa za bingwa huyo. Nataka kuuliza swali moja tu kwa ajili ya vijana wanaosoma katika shule zetu za Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega, yaani wilaya ambazo tangu mwaka 2012 zimekuwa Mkoa wa Simiyu. Je, sisi hatukuwa na mabingwa wa kubeba vitu vizito? Tulikuwa nao, tena kwa maelfu. Walikuwa wapagazi wa Usukuma na Unyamwezi, na walio bora miongoni mwao walikuwa wapagazi wa pembe za ndovu.

Shule ya bega

Mpagazi hakuzaliwa mpagazi, alifundwa. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita Unyamwezi katika miaka ya 1857 na 1858, aliandika kwamba watoto wa huko, wakiwa na umri wa miaka sita au saba tu, walikuwa wakitembea na kipande kidogo cha pembe begani. Aliandika pia kuwa kazi ya kubeba ilihesabiwa kuwa kipimo cha uanaume. Kijana asiyepata kufika pwani alikuwa kama mtu ambaye hajamaliza masomo yake.

Huku mashariki mwa Usukuma tulikuwa na shule yetu nyingine, nayo ni njia ya chumvi. Wakati wa kiangazi, maji ya ziwa Eyasi yanapopungua, huacha chumvi ufukweni. Basi vijana wa Kisukuma walikusanyika kwa makundi, wakafuata kiongozi aliyeijua njia, wakapita nchi ya Meatu hadi kwenye ziwa hilo, wakachota chumvi na kurudi nayo nyumbani. Njiani kulikuwa na simba, kiu na jua kali. Aliyekwenda kwa mara ya kwanza alirudi akiwa mtu mwingine: alikwisha kujua kupanga mwendo, kugawa maji, na kumtii kiongozi. Kijana wa namna hiyo, alipojiunga na msafara wa kwenda Tabora na Bagamoyo, hakuwa mgeni wa mzigo wala wa njia.

Hapa yafaa tufafanue jina. Neno Wasukuma maana yake ni watu wa upande wa kaskazini, na ni jina walilopewa na jirani zao wa kusini, yaani Wanyamwezi. Watu wa pwani hawakujali tofauti hiyo. Mara nyingi waliwaita wote Wanyamwezi. Kwa hiyo mtu wa Ntuzu, nchi ambayo leo ndimo ulimo mji wa Bariadi, aliweza kutembea miezi kadhaa hadi baharini akaandikwa katika daftari la mfanyabiashara kwa jina la kabila lisilo lake. Huo ulikuwa mwanzo wa kusahauliwa.

Ufundi wa kubeba

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili. Frasila moja ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi, kwa hiyo mzigo ulikuwa yapata kilo 32. Juu ya uzito huo mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu, chakula cha njiani, na mara nyingi silaha. Mpagazi wa pembe alibeba zaidi ya hapo, kwa maana pembe haigawanyiki kama nafaka. Pembe ikiwa nzito mno kwa mtu mmoja, ilifungwa kwenye mti ikabebwa na watu wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Jozi maarufu ya pembe iliyopatikana katika nchi ya Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na uzito wa kilo 100 hivi kila pembe. Mzigo kama huo haukufika Unguja kwa upepo.

Nguvu peke yake hazikutosha. Mnyanyuaji wa vyuma hujua kwamba taabu kubwa ni kukitoa chuma ardhini. Wapagazi wa bara walilijua jambo hilo, wakalitafutia dawa. Walilifunga robota la nguo likawa refu kama mto wa kulalia, wakaliwekea fito pembeni, na fito hizo zilikuwa na panda mwishoni. Walipotaka kupumzika, hawakuutua mzigo chini. Waliusimamisha na kuuegemeza kwenye mti au ukuta wa nyumba. Walipotaka kuondoka, waliinama kidogo tu, wakauingiza begani. Kwa njia hiyo waliokoa nguvu ambazo zingepotea kwa kuinua kilo 32 kutoka ardhini mara nyingi kwa siku. Huo ni ufundi wa watu waliofikiri.

Msafara nao ulikuwa na taratibu zake za heshima. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa njia, aliyevaa shuka jekundu, manyoya kichwani na ngozi ya mbega. Nyuma yake walifuata wapagazi wa pembe. Kwenye ncha ya pembe walifunga kengele, na upande wa pili walifunga vitu vyao wenyewe. Kengele zilipolia, vijiji vilijua kwamba msafara unakuja, na kwamba walio mbele ndio wenye mabega mazito kuliko wote. Baada yao ndipo walipokuja wenye nguo, shanga na nyaya za shaba. Naam, huo ulikuwa mpangilio wa ubingwa: aliyebeba kizito zaidi alitangulia.

Tena mnyanyuaji wa mashindano hukishikilia chuma juu kwa muda mfupi tu, mpaka waamuzi watoe ishara, kisha hukiacha kianguke. Mpagazi hakuwa na mwamuzi wa kumwambia "tosha." Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni safari ya yapata kilomita 800. Katikati yake palikuwa na Mgunda Mkali, pori lenye ukame lililoogopwa na kila mtu, na nchi ya Ugogo ambako kila mtawala alidai ushuru ulioitwa hongo. Siku nyingine iliwabidi kuondoka mchana wakiwa na maji waliyobeba, walale porini pasipo kisima, wafike kwenye maji kesho yake. Ugonjwa wa ndui ulipoingia katika msafara, uliua wengi, na mifupa yao ilibaki kando ya njia.

Mtu huru, si mtumwa

Sasa tumefikia jambo ambalo napenda walimu walitilie mkazo. Wengi wetu tulifundishwa kwamba pembe zote zilibebwa na watumwa: mtumwa alinunuliwa bara, akatwikwa pembe, na vyote viwili vikauzwa pwani. Picha hiyo ni rahisi kukumbuka, na ni kweli kwamba biashara ya utumwa ilikuwepo, kwamba minyororo ilipita katika njia hiyohiyo, na kwamba katika misafara walikuwemo pia wabebaji waliokuwa watumwa. Ubaya huo hauwezi kufichwa. Lakini wanahistoria waliochunguza njia ya kati, ile ya Bagamoyo hadi Tabora na maziwani, wameonyesha kwamba wapagazi walio wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira.

Ushahidi uko wazi. Mpagazi alipatana kabla ya kuondoka. Alilipwa kwa vitambaa vya merikani, shanga, nyaya, na baadaye fedha. Njiani alipewa posho ya kununulia chakula. Kama tajiri aliongeza mzigo bila mapatano, au akapunguza posho, wapagazi waliweka mizigo chini wakakaa kitako mpaka neno lao lisikilizwe. Asiposikia, asubuhi alikuta kambi ni tupu. Vitabu vya wasafiri wa Ulaya vimejaa malalamiko kuhusu "uvivu" na "ukaidi" wa wapagazi. Tukivisoma kwa jicho letu wenyewe, tutaona kwamba mengi ya hayo yaliyoitwa ukaidi yalikuwa watu wanaotetea jasho lao. Mtumwa hatoroki akaitwa mvunja mkataba. Anayeitwa hivyo ni yule aliyekuwa na mkataba.

Ushahidi mwingine ni majira. Wapagazi wengi waliondoka baada ya mavuno na walitaka kurudi kabla ya kilimo kupamba moto. Jembe na pembe vilipeana zamu. Wengine walikwenda na wake zao, ambao walibeba vyungu na chakula, na wanawake wengine walibeba mizigo ya ujira kama wanaume. Aliporudi nyumbani na vitambaa vyake, mpagazi aliweza kununua ng'ombe, na kwa ng'ombe aliweza kuoa.

Tofauti hii si ndogo. Kijana anayeambiwa kwamba babu zake walifika pwani wakiwa wamefungwa tu, hujifunza kuona haya. Kijana anayeambiwa ukweli wote, kwamba wako waliofungwa na kwamba wako wengi zaidi waliokwenda kwa miguu yao, kwa ufundi wao na kwa bei waliyoipanga wao, hujifunza kupima mambo.

Mzigo uliokataa kuzikwa

Mara moja ulimwengu ulilazimika kuwatazama wabebaji. Tarehe 1 Mei, 1873, David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, ndani ya nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakaubeba kuelekea pwani. Hawakuwa wote wa makabila ya huku kwetu, ila walifuata desturi ya njia ileile.

Walipofika Unyanyembe walikutana na msafara wa Mwingereza aitwaye Cameron, aliyewashauri wauzike mwili hapo. Walikataa. Mbele kidogo kulikuwa na wenyeji waliozuia maiti isipite katika nchi yao. Basi waliufunga mwili upya ukafanana na robota la nguo, wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua, wakaituma nyuma kana kwamba inarudishwa kuzikwa. Ndipo wakapita. Mwezi wa Februari, 1874, waliutua mzigo huo Bagamoyo, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Mwezi wa Aprili Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster, walipozikwa wafalme wa zamani.

Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London ilitengeneza baadaye medali za fedha kwa ajili ya wabebaji hao. Lakini wakati huo wengi wao walikwisha kutawanyika, kwani Bagamoyo walikuwa wamelipwa ujira wao na kuruhusiwa waende zao. Nimetaja kisa hiki kwa sababu ni mara chache sana mbebaji wa Afrika Mashariki alitengenezewa medali kama mwanamichezo, na hata hapo, alipewa kwa kuwa mzigo wake ulikuwa Mzungu.

Kutoka ujira hadi shuruti

Ukoloni wa Kijerumani ulipoingia, bega lilipoteza uhuru wake hatua kwa hatua. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilimlazimisha mtu kutafuta fedha hata kama hakuzihitaji, na maakida pamoja na majumbe waliamriwa kutoa wabebaji kwa shughuli za serikali. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Behewa moja lilichukua mizigo ya mamia ya wapagazi, na kazi iliyokuwa na sifa ikaanza kufifia. Hata hivyo, kufifia kwa kazi hakukuwa mwisho wa kubeba.

Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 iliirudisha mizigo begani, na safari hii bila mapatano. Wajerumani kwa upande wao, na Waingereza na Wabelgiji kwa upande wao, walikusanya watu kwa nguvu ili wabebe risasi na vyakula mahali ambapo reli haikufika. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa wabebaji karibu laki moja, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Katikati ya Dar es Salaam kuna mnara wa kumbukumbu ya vita hivyo, uliosimamishwa mwaka 1927. Aliyesimama juu yake ni askari mwenye bunduki. Mbebaji amebaki na kumbukumbu nyingine: mtaa wa Kariakoo, ambao jina lake limetokana na kikosi cha wabebaji kilichopiga kambi hapo. Kila siku maelfu ya watu hulitaja jina hilo wakiwa wanakwenda sokoni, wala hawajui kwamba wanawataja marehemu.

Urithi uliobaki

Je, ubingwa huu umeacha nini? Kwanza, umeacha lugha. Neno mtumba lilikuwa jina la robota la nguo lililobebwa na mpagazi. Leo nguo kuukuu zinazokuja kwa marobota zinaitwa mitumba. Posho, iliyokuwa chakula cha siku cha mpagazi, imeingia ofisini. Mnyampara, msimamizi wa wapagazi, amekuwa mnyapara wa kila kazi. Hongo, iliyokuwa ushuru wa njia uliotolewa mchana kweupe, imegeuka kuwa jina la rushwa. Na Kiswahili chenyewe kilipanda bara pamoja na misafara, miaka mingi kabla ya shule ya kwanza ya mkoloni kufunguliwa huku kwetu.

Pili, umeacha nyimbo na ngoma. Wapagazi walitembea kwa kuimba, kwani wimbo hupanga hatua na kupunguza uzito. Watafiti wa muziki wa Kisukuma wameeleza jinsi nyimbo za kazi za njiani zilivyoungana na nyimbo za vikundi vya kulima. Leo ukiwaona vijana wa bugobogobo wakicheza na majembe, wakiyarusha na kuyadaka kwa mpigo mmoja, au ukihudhuria mashindano ya Bagika na Bagalu baada ya mavuno, utaona kanuni ileile: nguvu lazima iende na mapigo, na bingwa lazima awe na kundi.

Tatu, umeacha swali. Katika mkoa huu unaolima pamba kwa wingi, wako vijana wanaopakia magunia katika malori tangu alfajiri mpaka jua kutua. Tunawatazama kama tulivyowatazama babu zao: gunia likiwa begani mwao, sisi tunaona usufi. Jamii inayomheshimu mnyanyua vyuma uwanjani na kumdharau mbeba gunia sokoni haijaelewa bado nguvu ni kitu gani.

Nawapa walimu zoezi moja. Pimeni mchanga au pamba kilo 32, yaani frasila mbili, mfunge vizuri. Mwanafunzi mwenye afya aubebe begani mzunguko mmoja wa uwanja, kisha awaeleze wenzake kwa maandishi bega lake limesema nini. Halafu awatafute wazee kijijini, awaulize habari za njia ya chumvi, za nyimbo za kubebea, na za majina ya waliokwenda pwani, ayaandike majina hayo. Kilo za Alekseyev zimekwisha kuandikwa na wenzake. Za wazee wetu zitaandikwa na nani, tusipoziandika sisi?

Namalizia kwa beti moja niliyowatungia:

Pembe nzito walibeba, begani pasi mizani,
Kwa kiu na kwa msiba, wakavuka maporini,
Sifa zao zawa haba, hawamo kumbukumbuni,
Bega lililo na sugu, ndilo taji la zamani.